Mgeni Niliyemkimbilia Stendi

Emiliana mwanangu,

Salamu naziweka kiporo, maana uko chumba cha pili na sasa hivi nimekusikia ukipiga chafya. Nimeshika karatasi kwa sababu mdomo umenigomea tangu tuliposhuka mlimani. Mama yako amenisukuma wiki nzima, "Sema na mtoto kabla hajaondoka," na kila nikifungua mdomo yanatoka maneno ya mvua na ng'ombe. Basi acha niandike. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba la zamani, uuvumilie.

Sitakuambia ule vizuri, uvae soksi kavu, usitoe hela mbele za watu. Umevuka mipaka ya nchi, na mimi mpaka niliowahi kuvuka ni wa wilaya. Ninachotaka kukuambia ni jinsi nilivyoshtuka. Nimeshtuka, Emiliana. Nimeshtuka tangu siku ile ya stendi na mshtuko haujaisha, unapungua asubuhi halafu unarudi nikikuona umekaa jikoni na mama yako unamenya viazi kama hujaenda popote. Naogopa kesho utaondoka ukidhani nilikasirika tu. Kukasirika nilikasirika, lakini hilo lilikuwa dogo.

Nianze na stendi, kwa sababu kila mtu Katesh anaisimulia siku hizi na wanaisimulia vibaya.

Mimi na Gwandu tulikuwa tumekaa nje ya duka la vocha tunangoja basi la kutoka Babati. Kazi yetu unaijua ilivyo. Mpagazi wa mlima hatazami uso. Basi likisimama, macho yanatafuta begi kwanza. Likiwa refu kupita kichwa cha mwenye nalo, tena lina mkanda wa kiunoni, huyo amekuja kupanda Hanang, na ukisubiri uone sura yake mwenzako ameshalishika. Nikaona begi la kijani linashuka mlango wa mbele, limepauka kwa vumbi, pembeni limening'inizwa sufuria ndogo. Nikamwacha Gwandu na chai yake. Goti linaniuma lakini siku ile nilikimbia. Nikalidaka begi kwa juu na kuanza Kiingereza changu, "Welkamu, welkamu Hanang! Mauntini? Ai am namba wani!" Halafu nikauliza kama yuko peke yake, maana ndilo swali letu la pili siku zote.

Mwenye begi akageuka. Nywele zimekatwa hadi kichwani, miwani myeusi, midomo imekauka. Akasema, "Shikamoo Baba."

Unakumbuka nilichojibu. Wageni wengi siku hizi wanajua shikamoo, wanaisoma ndani ya ndege, wanamwamkia hata mtoto wa chekechea. Nikacheka kwa furaha ya kazi, nikasema, "Marahaba! Veri gudi Kiswahili!"

Ndipo ukavua miwani.

Mkono ulikuwa bado umeshika begi lako, na nakumbuka nilikuwa naliangalia begi badala ya kukuangalia wewe, kama vile begi ndilo litanieleza. Nyuma yangu nikamsikia Gwandu akiwaambia wenzake, "Aisee, mzee amemsifia mtoto wake Kiswahili!" Wakaangua kicheko stendi nzima. Mimi nikakaa juu ya kreti la soda la watu.

"Umetoka Babati, shuleni kwako?" nikakuuliza.

"Nimetoka Rwanda, Baba. Kabla ya hapo Uganda, na kabla ya hapo Kenya."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Nilikuzaa, nikakubeba mgongoni ulipougua surua, nikakufundisha kuvuka korongo la Mogitu wakati wa mvua, na stendi ya Katesh nikakuona mgeni. Hapo ndipo mshtuko ulipoanza. Kuona kwamba macho yangu yamezoea mabegi kiasi hicho, hata sura ya mtoto wangu imepita mbele yake sikuiona.

Njia nzima ya kwenda nyumbani nilikuwa napiga hesabu ya simu zetu. Nilizungumza na wewe kila Jumapili, sivyo? Nikajisikia mwenyewe kichwani. "Huko mvua vipi?" "Imenyesha Baba, tena kubwa." "Na mahindi?" "Yamefika kiunoni." "Watu ni wazima?" "Wazima, tunashukuru Mungu." Nikakata simu nikamwambia mama yako Babati mwaka huu kumebarikiwa. Kumbe hiyo mvua ilikuwa ya Kigali, na mahindi uliyaona dirishani kwenye basi la watu. Nilitaka nikuite mwongo na neno lenyewe sikulipata, kwa sababu hukunidanganya hata mara moja. Ni mimi sikuwahi kuuliza uko wapi. Sisi huku ndivyo tunavyopendana, tunaulizana mvua. Mama yako naye akasema, "Mimi niliwasikia watu nyuma yake wakiongea lugha siijui, nikadhani ni redio."

Jioni ile ukatueleza. Mkataba wa shule uliisha, hukutaka kuuendeleza, ukachukua akiba yako. Mama yako akakuuliza unatafuta nini huko, na wewe ukasema umewachorea watoto Ziwa Viktoria ubaoni mpaka chaki zinaisha na hujawahi kulowesha hata kidole ndani yake. Nikaona ni jibu la mwalimu. Halafu ukasema umefika nusu.

"Nusu ya nini?" mama yako akauliza.

"Ya safari, Mama. Nusu iliyobaki ni ya kusini. Malawi, halafu Zambia. Nimepita kuwaona na kupumzika kidogo."

Mama yako akaweka mwiko chini. "Yaani hujamaliza?"

Mimi nikatoka nje kuangalia kama mbuzi wamefungiwa, na walikuwa wamefungiwa. Kilichonichoma ni hilo neno kupumzika. Mlimani tuna kambi ya katikati ambako mgeni analala, anakausha viatu, asubuhi anaendelea. Nyumba hii niliifyatulia tofali moja moja, na sasa imekuwa kambi ya katikati. Sitakuficha kitu.

Kesho yake ukaniomba nikupandishe Hanang kama ninavyowapandisha wageni. Ulisema kule Uganda kila uliyemwambia umezaliwa chini ya mlima alikuuliza kileleni kukoje, na wewe ulikuwa unaona aibu. Ukweli ni kwamba watu wa kwetu hawapandi. Tunakwenda mpaka msituni kwa kuni na dawa, juu tunawaachia wenye mabegi. Nilifurahi, nikakubali upesi. Nilijisemea, sasa huyu atanikuta kwenye uwanja wangu, atachoka, atalia, na mimi nitambembeleza ashuke abaki nyumbani. Ndiyo, nilikuwa na mpango huo.

Ukaninyima begi. Toka geti la mlima ulilibeba mwenyewe, mimi nikatembea mikono mitupu, nikawa sijui hata pa kuiweka. Wenzangu tuliokutana nao wakishuka na wageni walinitazama kama nimefukuzwa kazi. Na hukuchoka. Nilichoka mimi.

Tukafika pale msitu unapoishia, kwenye lile jiwe bapa ambalo simu zinashika mtandao. Ukakaa. Kulikuwa na upepo lakini hewa ilikuwa safi, Ziwa Balangida lilikuwa jeupe chini yetu, na ukuta wa bonde upande wa Mbulu ulionekana wote. Nikakuonyesha kwa kidole, kule juu ndiyo Maretadu kwa bibi yako. Ukatazama, halafu ukaanza kunieleza habari ya Kabale, kule Uganda, bila nikuulize.

Nairudia hapa kama nilivyoisikia, unisahihishe nikikosea. Uliugua malaria kwenye nyumba ya wageni, ukalala na homa mpaka hesabu ya siku ikakupotea. Mama mmoja anayefua mashuka ya pale akawa anakuletea uji, anakushikia ndoo ukitapika, anakupangusa kwa kitambaa cha maji. Siku ulipozidiwa akainama juu ya kitanda akakuuliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Wewe iko na watu?" Alitaka namba apige simu.

Na wewe ukamjibu, "Sina."

Emiliana, hilo lilinishtua. Nimeanguka mara mbili kwenye mlima ule, niliwahi kukoswa na jiwe, na sijawahi kushtuka vile. Nikakuuliza kama simu ilikuwa haina chaji. Ukasema ilikuwa nayo, tena ulikuwa umeishika mkononi, jina langu limefunguka kwenye kioo.

"Sasa kwa nini hukupiga?"

"Nilikusikia, Baba. Nilikusikia unacheka."

Nikadhani homa imekurudia. Ndipo ukanikumbusha. Ulikuwa mdogo, umekaa kwenye gunia unapukuchua mahindi, mimi na Gwandu tumerudi mlimani tunakula. Nilikuwa nasimulia habari ya binti mmoja mzungu niliyembebea mzigo, aliyekuja peke yake, na alipofika kwenye jiwe bapa alikaa akalia kama mtoto. Wewe ukauliza, "Analia nini, Baba?" Nikakujibu, "Analia kwa sababu hana watu. Mwenye watu atabebaje mzigo kama punda kwenda kupanda mlima wa wenzake peke yake?" Nyumba nzima ikacheka. Unasema na wewe ulicheka, punje za mahindi zikakumwagika, na hukusahau. Kila mgeni wa begi aliyepita Katesh ulimtazama ukasema moyoni, huyu hana watu. Mpaka siku uliponunua begi lako mwenyewe, ukalivaa mbele ya kioo, ukamwona.

"Nilipougua nikajua ukipokea simu utasema hivyo," ukaniambia. "Labda usingesema. Lakini nilikuwa na homa, na sauti yenyewe ilikuwa yako."

Hadithi ile niliisimulia kwenye harusi, kwenye matanga wakati wa kuchangamsha watu, mbele ya paroko. Ni hadithi yangu nzuri kuliko zote. Na kuna kipande sikuwahi kukisimulia, si kwa kukificha, ila kwa kuwa hakichekeshi. Yule binti alikuwa analia huku ameinyoosha simu juu anatafuta mtandao. Baadaye ukashika. Akaongea, akawa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi nimekaa pembeni na mzigo wake nikasikia sauti ya mwanamke mtu mzima inatoka mle ndani. Lugha siijui, lakini mtu anayeongea na mama yake utamjua tu. Alikuwa na watu. Niliwasikia kwa masikio yangu, nikashuka nao mpaka nyumbani, nikawaacha mlangoni ili hadithi iende vizuri. Hadithi iliyobaki, isiyo na kipande hicho, ndiyo uliyokwenda nayo Kabale.

Ungetegemea baba mwenye akili angekuomba msamaha pale pale. Mimi nikasema, "Kwa hiyo sasa kosa ni langu?" Nikaongeza, "Basi hutoki tena nyumbani kwangu na hilo begi." Ukanitazama ukasema taratibu, "Baba, mimi ni mtu mzima." Kileleni hatukufika. Ulitangulia kushuka, na kila penye utelezi ulisimama bila kugeuka mpaka usikie nimepita salama, ndipo ukaendelea. Niliyaona hayo yote. Sikusema asante.

Sasa habari ya begi kupotea juzi. Ni mimi. Najua unajua, lakini liandikwe. Asubuhi mlipokwenda kwenye maji nikalichukua, nikalipandisha ghalani juu ya boriti nikalifunika kwa magunia. Mkaanza kulitafuta, na mimi nikatafuta pamoja nanyi, nikainama mpaka chini ya kitanda na goti hili, nikasema siku hizi wezi wamezidi. Mama yako akanitazama jicho moja.

Kilichonirudisha ghalani ni uzito wake. Nilipokuwa nalipandisha nilihisi kitu lakini kwa haraka sikukitilia maanani, na baadaye mwili ukakumbuka. Begi la mgeni ukilinyanyua linakuvuta nyuma, kwa sababu hajui kupanga, anatupia vizito chini au nje. Kazi ya kwanza ya mpagazi ni kulipanga upya, na kazi hiyo nilikuwa naifanyia uani kwetu jioni kabla ya kupanda, na wewe ulikuwa unanipa kitu kimoja kimoja. Begi lako halikunivuta. Lilikaa mgongoni limetulia. Nikalishusha nikalifungua, unisamehe. Blanketi chini kabisa, vizito katikati vimegusa mgongo, nguo zimeviringishwa, koti la mvua juu. Na ile sufuria ya pembeni imefungwa kwa fundo la kufungia mizigo ya kuni, lile nililokufundisha ulipokuwa hufiki kiunoni mwangu, ambalo Gwandu mpaka leo linamshinda.

Nilikaa kwenye magunia nikashtuka upya. Siku zote hizi nilikuwa nalaani simu, nalaani chuo, nalaani marafiki sijui wa wapi, natafuta nani amemharibu mtoto wangu akamtia wazimu wa barabara. Na fundo lilikuwa langu.

Ndipo nikalirudisha mlangoni nikasema nimeliona ghalani. Ukasema, "Asante Baba," basi, ukaendelea kufagia.

Na mimi niliwahi kuondoka nyumbani. Sijakusimulia sana kwa sababu niliona si kitu. Nilishuka kutoka Maretadu kijana, nguo zangu ndani ya kipande cha shuka, natafuta shamba huku Hanang. Bibi yako alilia kama nakwenda vitani. Jioni ya kwanza giza lilinikuta kwa watu nisiowajua, nikabisha hodi, mzee akatoka na rungu. Hakuuliza jina. Aliuliza, "Wewe ni wa nani?" Nikamtaja baba, nikamtaja babu, nikataja ukoo, na kabla sijamaliza akawa amegeuka anamwambia mke wake alete maziwa. Kumbe babu yake na babu yangu walichunga pamoja. Huo ndio ugeni wote niliowahi kuupata. Sijalala hata usiku mmoja mahali ambapo nikitaja babu yangu hakuna anayegeuka.

Wewe umelala hapo. Ungemtajia yule mama wa Kabale ukoo wetu wote mpaka mwanzo wake asingejua ni kitu gani, na bado alikushikia ndoo. Nimemfikiria mama huyo kuliko nilivyowahi kumfikiria mtu nisiyemjua. Mimi, baba yako, nilikuwa hapa nakula makande nikisifu mvua ya Babati, na mwanamke asiyejua hata jina la baba yako alikuwa anakupangusa jasho. Ananipa aibu na ananipa furaha. Jina lake sikukuuliza, niambie kesho, nataka nilijue nikisali.

Kwa hiyo ushauri wa barabara sina. Nilitaka kukupa na nilipotafuta nikakuta mfuko mtupu. Nina hofu tu. Naogopa, mwanangu. Naogopa utakufa kwenye chumba cha watu na mimi niko mlimani nachekesha wageni. Sikuwahi kukuambia naogopa, maana huku mwanamume akiogopa anafoka, na nilifoka vya kutosha wiki hii.

Nikueleze na la leo, kisha nimalize. Mchana nilikwenda stendi nijisahaulishe. Kijana mmoja wa wapagazi wapya, simtaji, akaniuliza mbele ya wote, "Mzee, yule binti yako anaondoka tena kesho? Kweli siku hizi hana watu!" Kwa maneno yangu yale yale, kwa sauti yangu ninayoitumia nikisimulia, hata mkono aliuzungusha kama mimi. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, Emiliana. Kwa mazoea. Kicheko kilitoka chenyewe kabla sijajua, halafu kikanikwama kooni kama mfupa, nikaanza kukohoa mpaka Gwandu akanipiga mgongoni. Niliposimama sawa nikawasimulia ile hadithi tena. Nikaisimulia na kipande cha simu. Haikuchekesha hata kidogo. Mmoja akajifanya anaangalia barabara kama basi linakuja. Nikarudi nyumbani kwa miguu, ndiyo maana nilichelewa kula.

Kesho asubuhi begi nitalibeba mimi mpaka Katesh. Usinibishie mbele ya mama yako. Mlimani uliniacha na mikono mitupu na sikupenda, kesho nitalivaa vizuri na mkanda wa kiunoni, nipite nalo stendi wote wanione nimebeba la nani. Nitalipakia mwenyewe kwenye basi la Singida. Mama yako atalia, mimi nitauliza dereva habari ya mvua huko aendako. Usidhani sina neno. Neno ni hili hapa, nalichomeka usiku huu kwenye mfuko wa juu, chini ya koti la mvua, ulikute asubuhi.

Kileleni tutakwenda siku nyingine, ukirudi. Au usiporudi huku kwanza, ukapitia kwingine, nitangoja, sitakuuliza umefika nusu au umemaliza. Jumapili nitakuuliza uko wapi. Nitaanza na hilo, mvua baadaye.

Ila jambo moja nakuomba, na hili ni ombi, si amri ya baba. Huko mbele, iwe Malawi, iwe Zambia, ukiugua tena na mtu akakuinamia kitandani akakuuliza kama una watu, usijibu wewe. Fungua simu pale penye jina langu, mpe yeye aishike. Nitamjibu mwenyewe, na Kiswahili kikimshinda nitamjibu kwa kile Kiingereza cha stendi.

Baba yako